Rock and roll: muziki huu ulitoka wapi?

Rock and roll ni muziki ulioenea Marekani katika miaka ya 1950. Hupigwa kwa gitaa la umeme, ngoma, piano na saksofoni. Katika makanisa yetu jina hili hutajwa hasa wakati wa mabishano: je, gitaa la umeme na ngoma vinafaa ibadani? Wako wanaofundisha kwamba mdundo wake ulitoka kwenye mizimu ya Afrika, kwa hiyo ni wa shetani. Fundisho hilo linatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Basi tuangalie historia yenyewe.

Mizizi ya Afrika

Watumwa waliopelekwa Marekani, wengi wao wakitoka ufalme wa Kongo na nchi za Afrika ya Magharibi, walikwenda na namna yao ya kuimba: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwili mzima unashiriki. Huko South Carolina, baada ya maasi ya watumwa ya mwaka 1739, sheria ya 1740 iliwakataza kupiga ngoma. Wakabaki na makofi na miguu. Walipompokea Kristo, waliomba wakizunguka kwa duara, wakiimba na kugonga sakafu kwa miguu.

Mchango wa kanisa

Kanisa la Kipentekoste la Church of God in Christ, lililoongozwa na Askofu Charles Harrison Mason kutoka Memphis, lilikubali vyombo vya muziki ibadani wakati makanisa mengi yaliviogopa. Humo ndimo alimolelewa Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, mtoto wa mama mhubiri. Alipiga gitaa tangu utoto. Mwaka 1938 alianza kurekodi nyimbo za injili, lakini akaimba pia katika kumbi za starehe, na waamini wengi wakaumia moyo. Wimbo wake mmoja wa injili uliovuma mwaka 1945 unahesabiwa na wengine kuwa mwanzo wa rock and roll. Mwaka 1947 alimpa nafasi jukwaani kijana wa miaka 14, ambaye baadaye alijulikana kama Little Richard. Elvis Presley, Mzungu aliyekulia katika kanisa la Assemblies of God, alikuwa akienda kusikiliza nyimbo katika kanisa la Wabatisti weusi huko Memphis.

Muziki huu ni wa nani?

Hapa wanahistoria wanabishana. Wengine husema ni mali ya watu weusi, iliyotoka katika blues na nyimbo za injili. Wengine husema ni mchanganyiko: Chuck Berry, mtu mweusi, alitengeneza wimbo wake wa kwanza kuvuma, mwaka 1955, kutokana na wimbo wa zamani wa Wazungu wa mashambani. Maneno yote mawili yana ukweli. Lakini tusisahau haki. Wimbo uliomfungulia Elvis njia mwaka 1954 ulitungwa na Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi. Crudup alidai malipo yake miaka mingi, akafa mwaka 1974 akiwa maskini.

Neno la "mdundo wa shetani"

Mwaka 1956 huko Alabama, Asa Carter, kiongozi wa chama cha kutenga weusi na weupe, aliupiga vita muziki huu akidai unawashusha vijana Wazungu wafanane na watu weusi. Mwaka huohuo watu wa chama chake walimshambulia jukwaani Nat King Cole, mwimbaji mweusi ambaye hata hakuwa wa rock and roll.

Si kila mhubiri aliyeukataa muziki huu alikuwa na roho hiyo. Wengi walihofia, kwa sababu nzuri, maneno ya uasherati na maisha ya waimbaji. Little Richard mwenyewe aliuacha mwaka 1957 akaenda kusomea kazi ya Mungu, ingawa baadaye aliurudia. Lakini mtu akisema mdundo ni mchafu kwa sababu umetoka Afrika, anarudia dharau waliyotupiwa babu zetu, hata kama hajui.

Kwa makanisa yetu

Zaburi ya 150 inataja matari, zeze, filimbi, matoazi na kucheza, wala haiulizi chombo kimetoka nchi gani. Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 5:21, anatuagiza kupima mambo yote. Basi tupime hivi: maneno ya wimbo yanasema nini? Mwimbaji anaishi namna gani? Wimbo unamwinua Bwana, au unamwinua mpiga gitaa? Wazee wa kanisa wakikaa na vijana wa kwaya juu ya maswali hayo, watajenga zaidi kuliko kuhukumu ngoma kwa asili yake.