Lango la kuinuka

Geti linalopanda wima, badala ya kuzunguka kwenye bawaba au kuteleza kando, bado halina jina lililokubalika. Napendekeza "lango la kuinuka", wala si "la kuinua". Kuinua ni kazi ya mikono. Kuinuka hutokea kwa kitu chenyewe, kama pasua na pasuka, ng'oa na ng'oka. Fundi naye hurekebisha kwa tofauti hiyohiyo: springi au vyuma vya kusawazisha vibebe karibu uzito wote. Liachie katikati ya mwendo. Likishuka, kaza springi. Likipanda lenyewe, legeza. Likitulia hapo, liguse tu kwa mkono, nalo litainuka.

Konza, pale reli ya Magadi inapochepuka kutoka njia ya zamani ya Mombasa, fundi ana kazi zaidi. Udongo mweusi wa tambarare zile hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nguzo zisizochimbiwa kwa kina huegama. Zikiegama, lango hukwama kwenye mifereji yake, hata springi ikazwe vipi, na hapo mwenye nyumba hurudi kuinua. Kwa hiyo timazi kwanza, springi baadaye.