Macho ya Kuongozea Ndege

Mtu wa Kiuyu, kaskazini mashariki ya Pemba, akisimama pwani saa zirudipo mashua, aweza kuzitambua zote wala asichanganye hii na ile. Moja ikifichwa na mwenzake, yeye ajua itakapotokea, kwa kuwa ameuona mwendo wake na upande inakoelekea. Elimu hiyo ndiyo tutakayoieleza leo. Ila badala ya bahari tutatazama mbingu, na badala ya mashua, eropleni.

Hapo kwanza jicho lilitosha. Mwaka 1920 mnara wa kwanza wa kuongozea ndege ulijengwa Croydon, karibu na London, na baadaye waongozaji wakasema na marubani kwa simu ya upepo. Lakini jicho halipenyi wingu. Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya kituo cha utangazaji cha BBC pale Daventry, wakathibitisha kwamba yakigonga ndege hurudi. Ndiyo asili ya rada; basi rada na redio ni ndugu.

Katika karne hii zimeongezwa kamera na kompyuta. Huko Sweden, tangu mwaka 2015, ndege za Örnsköldsvik zaongozwa kutoka mji wa Sundsvall. Tangu mwaka 2021 waongozaji wa kiwanja cha London City hukaa Swanwick, zaidi ya kilomita 100 mbali, wakitazama picha za kamera zilizofungwa juu ya mlingoti wa meta 50.

Kompyuta hulinganisha kila picha na iliyotangulia. Kitu kilichosogea hukitia alama, hukisia kitakapokuwa, na kikionekana karibu na hapo hukipa jina lile lile. Kikifichwa na wingu, huendelea kukikisia kwa kitambo. Mtihani ni ndege mbili zinapopishana, zisije zikabadilishana majina.

Hili si jambo la mchezo. Tarehe 5 Machi 2024, karibu na kiwanja cha Wilson, Nairobi, ndege ya abiria yenye watu 44 iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi salama. Katika ile ndogo walikufa mwalimu na mwanafunzi wake.

Kamera nayo hushindwa na ukungu. Kwa hiyo rada haikutupwa, na Tanzania ilizindua rada mpya mwaka 2019. Chombo kipya humsaidia mwongozaji, lakini dhamana ya roho za watu hubaki kwake. Nanyi wanafunzi, msidharau hesabu ya mwendo na muda: ndiyo msingi wa kazi hii yote.