Nani Yumo katika "Kwetu"? Gazeti la Erica Fiah na Mipaka ya Uhuru Dar es Salaam, 1937–1951

1.0 Utangulizi

Historia ya magazeti ya Kiswahili Tanzania Bara huelezwa mara nyingi kama safari iliyonyooka kuelekea Desemba 1961, kana kwamba kila mhariri alikuwa akiiandalia TANU njia. Makala hii inalitazama gazeti moja dogo ambalo haliingii vizuri katika simulizi hiyo. Gazeti hilo ni Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwezi Novemba 1937 na kudumu hadi 1951. Hoja yetu ni kwamba jina la gazeti hilo lilibeba swali la kisiasa ambalo sarufi ya Kiswahili yenyewe hailitatui: nani yumo katika "sisi", na nani yuko nje?

2.0 Mfanyabiashara na kalamu yake

Fiah alizaliwa Uganda na kufanya biashara Dar es Salaam, katika mji uliogawanywa kwa misingi ya rangi. Uzunguni palikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika waliwekwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Kariakoo na mitaa ya jirani. Gerezani, palipokuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, palikutanisha watu wa makabila mengi waliounganishwa na kazi na lugha kuliko nasaba. Mwaka 1934 Fiah aliongoza kuanzishwa kwa chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Miaka mitatu baadaye akaanzisha gazeti.

Nafasi yake kama mfanyabiashara ni muhimu. African Association, iliyoanzishwa 1929, iliongozwa kwa sehemu kubwa na makarani na walimu, ambao mishahara yao ilitoka serikalini na ndimi zao zilifungwa na masharti ya ajira. Muuza duka hakuwa na mwajiri wa kumwachisha kazi. Hata hivyo, alibanwa na sheria nyingine. Sheria ya 1931 ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji ilizuia deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika kudaiwa mahakamani bila kibali. Iliitwa ulinzi, lakini kwa mwenye duka dogo ilimaanisha kuuziwa bidhaa kwa fedha taslimu ilhali mshindani wake aliuziwa kwa mali kauli. Fiah, aliyevutiwa pia na fikra za Marcus Garvey kuhusu kujitegemea kwa watu weusi, aliikosoa serikali akiwa ndani ya mazingira hayo. Kwa hiyo uhuru katika muktadha wa Kwetu haukuwa nadharia iliyokamilika ya haki za mtu binafsi. Ulianza na mambo ya kila siku: kununua, kuuza, kukopesheka na kusema.

3.0 Jina dhidi ya jina

Gazeti lililokuwa na nguvu wakati huo lilikuwa Mambo Leo, lililochapishwa na serikali tangu 1923. Jina hilo linataja mambo na wakati, lakini halitaji mwenyewe. Kwetu halitaji jambo wala wakati. Linataja mahali na wenye mahali.

Kimofolojia, neno hili ni kimilikishi -etu chenye upatanisho wa mahali ku-. Kiswahili kingeruhusu pia petu na mwetu. Petu huelekeza mahali mahususi, mwetu huelekeza ndani. Ku- huelekeza eneo pana lisilo na mpaka dhahiri. Kipragmatiki, neno kwetu hutumiwa sana na mtu aliye mbali na asili yake: mkazi wa Kariakoo husema "kwetu Ukerewe" au "kwetu Songea". Kwa kulifanya jina la gazeti mjini, neno lilihamishwa kutoka mahali pa kuzaliwa hadi mahali pa kuishi pamoja. Mhamiaji kutoka Uganda aliweza kuwaambia Wazaramo na Wanyamwezi "kwetu" bila kukosea sarufi.

Lakini zipo lugha zinazotofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomtenga. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika umbo. Muktadha ndio unaoamua. Katika Kwetu, muktadha uliamuliwa na rangi. Gazeti lilibeba malalamiko makali dhidi ya wafanyabiashara wa Kihindi, hata waliozaliwa hatua chache tu kutoka Mnazi Mmoja. Kiambishi kilekile kilichomfungulia Mganda mlango kilimfungia Mhindi.

4.0 Kutoka kwetu hadi uhuru

Neno uhuru nalo lilikuwa na historia yake. Katika Kiswahili cha pwani lilihusishwa kwanza na kuachwa huru kwa mtumwa, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Gazeti la Fiah lilipoanza, watu wengi mjini walikuwa bado wanakumbuka uhuru kama hadhi ya mtu mmoja mmoja. Kufikia 1961, lilipoanzishwa gazeti la Uhuru, neno lilikuwa limekuwa mali ya taifa zima. Upanuzi huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, maana ya mwanzo, yaani mtu asiyemilikiwa na yeyote, ilififia katika matumizi ya kisiasa.

5.0 Hitimisho

Kwetu halistahili kukumbukwa kwa sababu ya utangulizi wake tu. Lilidai nafasi ya Mwafrika kufanya biashara na kusema bila kuomba ruhusa, na papo hapo likamnyima jirani yake nafasi ndani ya neno lilelile. Wanaisimu wanaochunguza lugha ya siasa leo, inapodai kusema kwa niaba ya "wananchi wetu" au "watu wetu", wana sababu ya kurudi kwenye gazeti hili. Kiambishi -etu kinahitaji kusomwa pamoja na orodha ya wale ambao mwandishi hakuwahesabu.