Balbu za Redio ya Mzee wa Bayview



Wengine mnajua kwamba pamoja na kufundisha historia nina ugonjwa mwingine, nao ni redio za valvu. Ulianza utotoni Tanga, kwa babu yangu, aliyekuwa na Philips kubwa ya mbao yenye jicho la kijani. Sisi wajukuu tuliamini kuna paka ndani. Ukaja kunizidi Ujerumani nilipokuwa naandika tasnifu, maana huko kila Jumamosi wanauza redio hizi kwenye masoko ya mitumba kwa bei ya chakula cha mchana. Basi mke wangu amekwisha kata tamaa, na msikitini wanaijua habari hii vizuri kuliko wanavyozijua makala zangu.

Ndipo mwaka jana mzee mmoja wa Bayview, Chatsworth, akaniletea redio ya marehemu baba yake. Philips ya nusu ya pili ya miaka ya 1950, sanduku zima, kitambaa cha spika kimetobolewa na panya. Alisema: "Mwanangu, sauti hata isipopatikana si neno. Nataka taa ziwake. Nataka lile jicho."

Kwa wasiojua, Bayview ndiko waliko wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Agosti 1873 manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ilishusha hapa watu zaidi ya mia moja waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengine wakafuatia hadi 1880. Wakagawiwa kwa mikataba ya miaka mitano kwa matajiri wa Natal waliokuwa na njaa ya vibarua. Wengi wao walikuwa Wamakhuwa wa kaskazini ya Msumbiji. Unguja waliiona kwa kupita tu, lakini jina ndilo lililowaganda. Walikaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, katika ardhi ya waqfu wa Waislamu, mpaka sheria ya ubaguzi wa makazi ilipowang'oa katika miaka ya 1960 na kuwatupa Chatsworth, kwenye kitongoji kilichotengwa kwa Wahindi. Serikali ya makaburu iliwaandika kuwa ni "Waasia wengineo". Wamakhuwa! Ukitaka kujua upuuzi wa sera ile, anzia hapo.

Turudi kwenye redio. Sauti haikunisumbua. Nilibadilisha kapasita za karatasi, ambazo kwa umri ule huwa zinavuja zote, nikasafisha swichi ya masafa, ikanguruma. Taa ndizo zilizonitoa jasho. Kibao cha stesheni kilikuwa na soketi mbili za balbu, kushoto na kulia, zote tupu. Na jicho lilikuwa limekufa kabisa.

Balbu za kibao zinaonekana kitu kidogo, lakini kila mtu anayetengeneza redio hizi amewahi kuungua nazo. Redio kama hii yenye transfoma hutaka balbu ya volti 6.3, mara nyingi ampea 0.3, yenye kitako cha skrubu cha milimita 10. Zipo nyingine zinazotaka kitako cha kubana, milimita 9, kama cha balbu ndogo za gari. Nilianza Grey Street, siku hizi Dr Yusuf Dadoo Street, nikazunguka mpaka sokoni Warwick. Kijana wa duka la vipuri vya magari alinipa ya volti 12. Inaingia, ndiyo, lakini kwa volti sita inatoa mwanga wa kaa la sigara. Duka la pili wakanipa LED. Hizo nazo, kwanza zinatetemeka kwa umeme wa kwenda na kurudi usipoziwekea dayodi, na pili nyeupe yake ni ya wodi ya hospitali. Kibao cha Philips kilichorwa kiangaliwe kwa mwanga wa manjano.

Hapa naomba niweke onyo, kwa faida ya yeyote mwenye redio ya babu yake kabatini. Zipo redio zisizo na transfoma, zilizotengenezwa zikubali umeme wa aina zote mbili. Humo mara nyingi balbu imefungwa kwenye mnyororo mmoja na nyuzi za valvu, na mkondo ni ule ule unaopita kote. Ukiweka balbu isiyolingana, ama inaungua papo hapo au valvu zinakosa moto wake, na LED ndiyo usithubutu. Isitoshe chasisi ya redio hizo inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Chomoa kwanza.

Mwisho nilipata suluhisho kwa fundi baiskeli, ambaye wala hakujua kwamba ana dawa. Balbu ya taa ya nyuma ya baiskeli ya dainamo ni volti 6, wati 0.6, skrubu ile ile. Hiyo ni ampea 0.1 tu, kwa hiyo transfoma haina malalamiko. Mwanga wake ni hafifu kidogo kuliko wa asili, lakini wa manjano.

Jicho ni kisa kingine. Lile si balbu hata kidogo, ni valvu kamili. Ni mtoto wa Allen DuMont, Mmarekani, na kampuni ya RCA ndiyo iliyoliingiza sokoni 1935 kwa jina la 6E5. Ndani yake elektroni hupiga ukuta uliopakwa unga unaong'aa kijani. Stesheni inapokuwa na nguvu, kivuli kinasinyaa. Ule unga huchoka. Baada ya saa elfu kadhaa za kazi unafifia, na hakuna fundi duniani wa kuufufua. Dawa ni kununua jingine. Ya mzee ilikuwa EM80. Viwanda vya Ulaya viliacha kuyatengeneza zamani, lakini Warusi walikuwa na nakala yao, 6E1P, yenye miguu ile ile, na maghala ya iliyokuwa Urusi ya Kisovieti bado hayajaisha. Muuzaji wangu alikuwa Ukraine. Vita vya 2022 vikamkata, ikabidi nimtafute mwingine. Kifurushi kilichukua wiki saba kufika Durban.

Wiki hizo saba ndizo zilizonipa historia yenyewe. Siku moja nilitoa spika ili nibadilishe kitambaa. Nyuma yake, kwenye kona ya sanduku, palikuwa na kipande cha gazeti kimekunjwa kama cha kufungia ubuyu. Ndani yake, balbu mbili! Nikazipima kwa mita. Moja uzi umekatika. Ya pili nzima kabisa.

Nikampigia simu mzee. Akakaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo ni kweli." Alinieleza kuwa alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akisikiliza usiku sana, sauti imeshushwa mpaka sikio liguse kitambaa. Na gizani. Dada yake mkubwa alikuwa akisema kwamba baba alizing'oa taa makusudi ili mwanga usionekane dirishani. Wadogo wakambishia maisha yao yote: ziliungua tu, na pesa ya kununua nyingine haikuwapo.

Alikuwa anasikiliza nini? Hapo lazima tuikumbuke hewa ya miaka ile. Unguja na Dar es Salaam zilikuwa na redio zao tangu 1951. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, na mmoja wa sauti zake alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali, akiwatukana wakoloni kwa Kiswahili kitamu. London ikaja na idhaa yake Juni 1957. Baada ya uhuru, Dar ikawafungulia vyama vya ukombozi maikrofoni zake, na ndiko sauti ya ANC ya uhamishoni ilikoanzia kusikika miaka ya 1960, kabla ya Lusaka, Luanda, Antananarivo na Addis Ababa. Kukamatwa ukiisikiliza hapa kulikuwa na jela yake. Serikali nayo, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilijenga mtandao wa FM na kuwahimiza Waafrika wanunue redio za FM. Wengi wa wanahistoria wa utangazaji wanakubaliana kwamba sababu mojawapo ilikuwa kuwaondoa kwenye masafa mafupi. Redio mpya ilikuwa na sauti safi na masikio mafupi, kwa hiyo sanduku kuukuu la valvu likawa na thamani ambayo dukani halikuwa nayo.

Na lile jicho, bwana, lilikuwa na faida ambayo sijaona ikiandikwa mahali. Linafuata nguvu ya wimbi, halijali umeshusha sauti kiasi gani. Unaweza kuitafuta stesheni kwa macho, kimya kimya, bila zile filimbi na mikoromo ya masafa mafupi ambayo jirani yeyote angeitambua kupitia ukuta.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja, fundi wa siku nyingi, nikidhani nimeshinda. Akacheka. Akasema zamani watu walichomoa balbu wakaenda nazo dukani kama sampuli, na ile nzima huenda ilitolewa tu pamoja na mwenzake. Tena, akasema, jicho lenyewe lina mwanga wa kijani, mbona hakulitoa? Swali zuri. Nikamuuliza mzee. Akajibu bila kusita: "Alibandika plasta. Akishapata stesheni anaifunika."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Siku ile ya kwanza kabisa redio ilipoingia nyumbani, nilikuta juu ya kioo cha jicho alama ya gundi, ya mraba, imekauka rangi ya kahawia. Nikaifuta. Kwa kitambaa na spiriti, kwa bidii kabisa, nikijisifu jinsi kioo kilivyotakata. Mimi ambaye kila mwaka nawahubiria wanafunzi wasiguse hati kabla ya kuipiga picha. Sasa ninachobaki nacho ni kumbukumbu yangu mwenyewe, na shahidi mwenye hamu ya kuamini ni shahidi dhaifu.

Hata hivyo maoni yangu ni kwamba dada mtu alisema kweli. Mtu anayepeleka sampuli dukani haifichi nyuma ya spika. Ila stesheni gani, sithubutu kusema. Mzee anakumbuka maneno mawili matatu tu ya Kiswahili, na anakumbuka baba yake, ambaye kwao walisema Kimakhuwa, akirudia-rudia chini kwa chini matamshi ya mtangazaji kama anayejifunza.

Jicho lilifika mwezi Machi. Nikalipeleka Bayview na redio yenyewe, wakaja ndugu zake wote waliobaki, isipokuwa dada, aliyefariki zamani. Nilimuuliza mzee kama nirudishe ile balbu nzima au niache za baiskeli. Akasema rudisha ya baba upande wa kushoto, ya baiskeli iwe kulia. Ikawaka. Tulizungusha masafa mafupi muda mrefu, maana yamebaki matupu siku hizi; hata Channel Africa, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili kutoka Meyerton, iliyaacha 2019. Mwishowe kivuli kikasinyaa kwenye stesheni moja ya Kichina, kwa Kiingereza. Mdogo wake akanyoosha mkono kuongeza sauti. Mzee akamzuia, akaishusha mpaka mwisho, tukabaki tunalitazama jicho.