Desemba ya Tarime na Serengeti

Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba kila mtoto awe na nafasi shule ya msingi ifikapo 1977, bila kungoja 1989 kama ilivyopangwa. Ni azimio lenye jina la mji wa mkoa wa Mara, lakini kwa wasichana wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani humo lilifungua mlango wa kuingilia tu. Wengi wao hupotelea mbele zaidi: mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari, na katikati ipo Desemba, msimu wa ukeketaji. Hapo ndipo msaada wa elimu unapopaswa kwenda kwanza.

Kwa Wakurya, wanaoishi huko na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kukeketwa kulimtoa binti utotoni na kuwafungulia njia waposaji. Ng'ombe wa mahari yake ndio waliomwoza kaka yake, hivyo ukoo mzima ulikuwa na hesabu zake katika Desemba hiyo. Aliyetoka kukeketwa hurudishwa nyumbani kwa nderemo, kajifunika khanga, mwavuli juu yake, ndugu wakicheza mbele na kumtunza fedha. Msichana anayesubiri kuanza kidato cha kwanza hutazama msafara huo ukipita, naye mkononi hana kitu cha kushindana nao. Shule za kata zilizoenea baada ya 2004, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, vilimpunguzia mzazi gharama. Hesabu ya ng'ombe vikaiacha palepale.

Wapo wanaosema sheria inatosha. Ukeketaji wa walio chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998, na tangu 2016 anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, na ule wa 2022 asilimia 28. Ni kweli takwimu hizo zinawahesabu pia waliokeketwa miongo iliyopita, kwa hiyo haziwezi kushuka haraka. Lakini sheria haimpi mtoto mahali pa kulala usiku wa kuamkia tohara. Mahali hapo ni kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa 2014.

Lawama kwamba vituo hivi vinawafundisha watoto kuwatoroka wazazi ina uzito, ila inasahau kinachofuata: msimu ukiisha, wazazi huitwa na kuombwa waahidi kumlinda binti kabla hajarudi, na ambaye nyumbani si salama hubaki akisoma. Wanaotetea mila nao wajibiwe kwa mila yenyewe. Wazee wa inchama, baraza la mila la Wakurya, ndio huamua mwaka gani tohara ifanyike na mwaka gani iachwe. Wenye mamlaka ya kuahirisha wana mamlaka ya kufuta, na mazungumzo nao, pande zote mbili za mpaka wa Kenya, yanastahili bajeti sawa na madawati.