Gari la fundi na gari la kiwandani: historia fupi ya Impreza yangu

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa nikibadilisha gari. Nilipeleka Impreza WRX yangu ya mwaka 2005 kwenye yadi moja hapa Nairobi, nikaongeza pesa, nikatoka na WRX STI ya 2018. Muuzaji alifungua boneti, akatazama turbo kubwa na mabomba yanayong'aa, kisha akaniuliza: "Boss, vitu vyake vya kiwandani viko wapi?"

Pesa zote nilizotia mle ndani, kwake zilikuwa kasoro. Niliumia, sitaficha. Lakini usiku ule nikaanza kujiuliza: hivi hilo gari lenyewe, kiwandani lilizaliwaje?

Basi turudi nyuma hadi 1986. Mei mwaka huo Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki katika mashindano ya Corsica, na yale magari makali ya Kundi B yakapigwa marufuku kuanzia 1987. Likabaki Kundi A, lenye sharti moja zito: gari la mashindano litokane na gari la kawaida lililotengenezwa angalau mara 5,000 kwa mwaka. Baadaye idadi ilishushwa hadi 2,500. Maana yake, kiwanda kikitaka kushinda porini, lazima kwanza kimuuzie mtu kama wewe na mimi gari la namna hiyo.

Wajapani wakafanya nini? Mwaka 1992 Mitsubishi walichukua injini na mfumo wa magurudumu manne wa Galant VR-4, wakavitia ndani ya Lancer ndogo. Ndiyo Evolution. Mwaka huo huo Subaru wakatia injini ya turbo ya Legacy, lita mbili, ndani ya Impreza nyepesi. Ndiyo WRX, farasi 240. Tazama vizuri, msomaji wangu: kutoa injini ya gari kubwa na kuitia katika gari dogo ni kazi ile ile ambayo mafundi wetu hufanya chini ya mwembe. WRX ilizaliwa ikiwa gari la kurekebishwa!

Na sisi Wakenya tuliyaona yakifanya kazi. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Impreza. Richard Burns alishinda Safari kwa Mitsubishi mwaka 1998, akashinda tena kwa Subaru mwaka 2000. Hata hayo ya kiwandani yalipofika huku yaliongezwa vyuma vya mbele vya kuzuia wanyama na bomba refu la kuvutia hewa juu ya maji. Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, lakini mapenzi ya Subaru hayakungoja.

Sasa, kama kiwanda na fundi wanafanya kazi moja, tofauti iko wapi? Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo niliitafuta kwenye kompyuta ya injini. Ndani yake mna majedwali: kwa mzunguko huu na mzigo huu, mwaga petroli kiasi hiki, washa cheche wakati huu. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ameyaandika upya. Hakuacha nakala ya zamani wala maelezo ya alichobadilisha. Aliyewahi kurithi kodi ya mtu aliyeacha kazi ananielewa.

Magari haya kule Japani huwekewa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huwa karibu na oktani 100. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko hulipuka ovyo na kugonga pistoni. Siku moja, nikipanda kutoka Mai Mahiu mke wangu akiwa pembeni na mtoto nyuma, niliusikia mgongo huo. Nilipunguza mwendo, nikafika Limuru nimelowa jasho. Hapo ndipo nilipoamua.

STI mpya ina injini ya ukoo ule ule wa EJ20, ila ni farasi 308. Hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280. Hilo lilipokwisha wakaachia. Nguvu inakaribia ile niliyoitafuta kwa miaka minne, lakini safari hii kila jedwali lina mtu aliyelipima, na kitabu chake kipo.

Nilirudi kwa fundi wangu kumwaga. Niliona haya kidogo, kama mtu anayehama kanisa. Mzee akacheka, akaingia stoo, akatoka na turbo ndogo, bomba la zamani na kompyuta ya kwanza ya gari, vyote vimefungwa kwenye gunia na kuandikwa kwa kalamu nyeupe. "Nilijua utarudi, kijana," akasema. Alikuwa amevinunua kwa mwenye gari wa kwanza, mimi sina habari. Tuliifunga siku mbili. Yadi iliongeza shilingi elfu themanini, na arobaini nikampa yeye.

Kumbe mtu aliyekuwa na nakala rudufu muda wote hakuwa mimi mwenye digrii. Haya, hadi wakati mwingine.