Heparini na Chujio la Figo: Nadharia Iliyoishia Njiani

Miongoni mwa dawa zilizowahi kutarajiwa kuokoa figo za wagonjwa wa kisukari ni jamii ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani. Mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, alikuwa akitafuta vitu vya kugandisha damu, na katika ini la mbwa akakuta kinachofanya kinyume kabisa.

Uhusiano wa dawa hiyo na kisukari ulijengwa baadaye sana. Chujio la figo ni utando mwembamba unaopitisha maji na taka, huku ukiizuia albumini, yaani protini kuu ya majimaji ya damu, isipotelee katika mkojo. Ndani ya utando huo mna heparani salfati, mnyororo wa sukari ulio ndugu wa heparini na wenye chaji hasi. Na kwa kuwa albumini nayo ina chaji hasi, iliaminika kwamba viwili hivyo husukumana. Mwaka 1989 Torsten Deckert na wenzake wa hospitali ya Steno, Denmark, walitoa hoja kwamba kisukari huipunguza heparani salfati, si katika figo tu bali katika mishipa ya damu mwilini mwote, ndipo albumini ikavuja.

Kama kilichopungua kilijulikana, kwa nini kisirudishwe? Mwaka 1992 watafiti wa Italia walionyesha kuwa panya wenye kisukari waliopewa dawa za jamii hiyo hawakuharibika figo kama wenzao, kisha ikaja zamu ya sulodeksaidi, dawa ya kumeza inayotengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Jaribio la Ulaya la mwaka 2002, lenye wagonjwa 223, lilileta matumaini, ingawa lilidumu miezi michache tu.

Majaribio mawili makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2011 na 2012 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 2,000, yaliyazima matumaini hayo: sulodeksaidi haikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Ni haki kusema kwamba wagonjwa hao walikuwa tayari wakitumia dawa za shinikizo zinazolinda figo, hivyo nafasi ya kuonyesha nafuu ya ziada ilikuwa finyu. Hata hivyo msingi wenyewe ulikwisha kutikisika, kwani panya waliobadilishwa vinasaba hadi wakakosa sehemu kubwa ya heparani salfati katika utando huo hawakuvuja albumini kwa kiasi kilichotabiriwa.